Sura ya Tano: Nyufa za Baridi

Mtoto wa Rungwe hukutana na rangi ya kudumu kabla hajajua kuandika jina lake. Ametumwa kukata jani la mgomba, amevaa shati jeupe la shule kwa sababu hakusikia alipoambiwa alivue, na tone la utomvu limemwangukia begani. Wakati huo halionekani. Ni kama tone la maji, nalo linakauka. Jioni doa limeshatokea, la kahawia, ukingo wake umekolea kuliko katikati. Mama analifikicha kwa sabuni ya kipande na doa linazidi kuwa jeusi. Shati hilo litachakaa, litachanika mabegani, litageuzwa tambara la kudekia, na doa bado lipo.

Nimeanza na doa hilo kwa sababu ndani yake kuna karibu kila kitu ninachotaka kusema katika sura hii. Utomvu uliingia kwenye nyuzi za pamba ukiwa majimaji, hauna rangi. Hewa ndiyo iliyoupaka. Sabuni nayo, kwa ule ukali wake wa magadi, iliisaidia hewa badala ya kumsaidia mama. Halafu tazama ukingo. Utomvu ulipokuwa unakauka ulisogea kuelekea pembeni, ukarundikana pale majimaji yalipoishia. Ukiusogeza karibu na jicho utaona ukingo una meno madogomadogo, na kila jino ni uzi mmoja uliovuta zaidi ya mwenzake. Hakuna aliyeuchora ukingo ule, na hakuna fundi ninayemfahamu anayeweza kuuchora kwa brashi.

Neno "mchoro" halinitoshi. Kuna umbo, yaani kile unachoweza kukitaja kwa jina: samaki, jani la mhogo, duara, mlia. Na kuna kitu kingine ambacho nimezoea kukiita mparuzo. Mparuzo ni ule uso wa kitambaa unaolifanya jicho lidhani linatazama gamba la mti, au vumbi la barabara baada ya manyunyu, au ukungu unaopanda kutoka bondeni asubuhi, ilhali ukipapasa kwa mkono hukuti kitu ila pamba laini. Batiki nyingi ninazoziona zikiuzwa kwenye barabara ya kutoka Uyole kushuka Kasumulu zina maumbo ya kutosha. Muhuri umegongwa sawasawa, samaki wote wana macho. Kinachokosekana ni maji ya kuogelea hao samaki: nyuma yao kuna rangi moja iliyolala kama ukuta uliopakwa jana. Nasema hivi kwa kuwa naipenda kazi hii, na kwa kuwa mwenyewe niligonga samaki wa namna hiyo kwa miaka.

Sasa naamini kwamba ule uwanja wa nyuma ndio kazi yenyewe. Na naamini kwamba Tukuyu, mji ulio juu ya mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, wenye mvua zinazowachosha wageni na baridi inayowafukuza, ni mahali pazuri mno pa kuufanyia kazi.

Mwalimu wangu alijifunza batiki katika kikundi cha akina mama wa kanisani, kama walivyojifunza wengi wa rika lake. Shirika la SIDO, lililoundwa mwaka 1973 kwa ajili ya viwanda vidogo, limekuwa likifundisha kazi hii mikoani pamoja na utengenezaji wa sabuni na usindikaji wa vyakula, na kutoka kwenye mafunzo ya namna hiyo ujuzi umesambaa mkono kwa mkono. Aliyehudhuria alimfundisha wifi yake, wifi akaifundisha kwaya. Ujuzi uliopita njia hiyo ulikuja na vipimo vya vijiko, lakini sababu zilibaki njiani. Kostiki inawekwa kwa sababu inawekwa. Nilifanya kazi miaka minne nikipima vijiko bila kujua kila kijiko kinatafuta nini ndani ya beseni, mpaka mwezi wa nne mmoja uliponifundisha kwa hasara.

Nilikuwa na oda ya sare za kwaya, mita 60 za kijani. Mvua ilikuwa imenyesha wiki mbili bila kuacha, ile mvua yetu isiyopiga kelele, inayoingia ndani ya nyumba kupitia hewa. Mabeseni mawili ya kwanza yalitoka vizuri kiasi. La tatu likatoka hafifu. La nne lilitoka na mabaka, na niliposuuza, rangi ikaondoka na maji kama udongo wa miguuni. Nikaongeza rangi. Nikaongeza kostiki. Nikachochea kwa hasira. Maji ya beseni yalibaki na rangi ileile ya unga wenyewe, na hiyo ndiyo ilikuwa dalili niliyokuwa siijui kuisoma.

Rangi tunazotumia kwa batiki, zile za unga zinazoyeyushwa kwa kostiki na haidrosalfaiti, ni ndugu wa nili. Ukiutia unga wake ndani ya maji matupu hauyeyuki. Unaelea na kutuama kama mchanga laini, na mchanga hauwezi kuingia ndani ya uzi. Haidrosalfaiti huinyang'anya rangi oksijeni yake, na kostiki huifanya rangi hiyo iliyonyang'anywa iyeyuke. Ikishayeyuka inapenya. Ukikiinua kitambaa hewani, hewa inairudishia rangi kile ilichoporwa, nayo inarudi kuwa mchanga, lakini safari hii mchanga umo ndani ya uzi na mlango umefungwa. Ndiyo maana rangi ya kwenye beseni mara nyingi si ile utakayovaa. Nili ndani ya beseni ni ya kimanjano inayoelekea kijani. Ukiinua kitambaa kinakuwa kijani kabisa, kisha kinageuka bluu mbele ya macho yako. Kaniki iliyokuwa ikiletwa pwani yetu kutoka India katika karne ya 19 ilipata weusi wake wa bluu kwa njia hiyo, kwa kuchovywa na kuinuliwa, kuchovywa na kuinuliwa. Mwaka 1901 mkemia René Bohn, akiwa katika kiwanda cha BASF huko Ujerumani, alikuwa akitafuta jamaa mpya wa nili, akapata bluu iliyo imara kuliko nili yenyewe, na kutoka kwenye ugunduzi huo ukazaliwa ukoo mzima wa rangi ambao leo tunaununua kwa kupimiwa kwenye vifuko vya nailoni.

Na utomvu wa mgomba? Dawa zake ni nyingine, lakini mwenye kuipaka ni hewa ileile.

Kosa langu lilikuwa kwenye kopo la haidrosalfaiti. Unga ule hauvumilii unyevu. Hewa yenye maji ikiupata, nguvu yake inakwisha kimyakimya, na kopo kubwa likiloa laweza hata kupata joto lenyewe na kuwaka. Mfuniko wangu ulikuwa umekaa upande kwa muda wa wiki mbili, katika wilaya ambayo miinuko yake hupata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka. Sasa nimeugawa unga huo katika chupa ndogo zenye mifuniko ya kukaza, mbali na jiko, na kijiko chake kina kamba yake kisitumike kwingine. Halafu sitii kitambaa ndani ya beseni mpaka nione maji yamegeuka rangi. Yasipogeuka ndani ya dakika chache, ninasubiri au ninaongeza haidrosalfaiti. Kuongeza unga wa rangi ni kutupa fedha. Kostiki nayo haina msamaha: huimwagii maji, unaitia yenyewe ndani ya maji kidogokidogo, umevaa glavu, umesimama upande ambao upepo unatokea.

Lakini oda ile iliyoharibika ilinipa zawadi. Katika pisi moja, ambayo ilikuwa imejikunja vibaya chini ya beseni, mabaka hayakuonekana kama kosa. Yalionekana kama mawingu yanavyokaa juu ya mlima Rungwe saa kumi na mbili jioni, mazito chini, yamechanika juu. Kwaya haikuitaka, na ilikuwa haki yao. Niliitundika ukutani miezi mitatu, nikiipita kila siku, nikijiuliza ilifanyikaje, kisha nikaanza kuitafuta kwa makusudi.

Namna yake ni hii. Kitambaa kiwe cha pamba tupu. Ukitaka kuhakikisha, choma uzi mmoja. Pamba huungua kama karatasi na kuacha majivu laini, nailoni na poliesta huyeyuka na kuacha kidonge kigumu. Kifue kwanza kwa maji ya moto kitoke dondo, kwa sababu dondo huizuia rangi bila kukuuliza. Maji ya mvua yaliyokingwa kwenye bati yanafaa sana kwa kufulia, hayana chokaa na sabuni inatoa povu kirahisi. Kisha kikamue, ukitupie ndani ya beseni pana, na badala ya kukinyoosha ukikusanye kwa vidole kuelekea katikati, kama mtu anayekusanya majani makavu uwanjani, mpaka kijae mabonde na vilima. Rangi iliyokwisha kuamka unaimimina kidogo, isifunike vilima. Mabonde yatakunywa mpaka yashibe. Vilima vitapata rangi inayopanda taratibu kwa kufyonzwa na nyuzi, huku hewa ikiidaka njiani kabla haijafika mbali. Unachopata ni rangi moja yenye sauti kumi. Ukigeuza kitambaa, ukakikusanya upya na kumimina rangi ya pili, mabonde mapya yatakata yale ya zamani, na hapo uwanja unaanza kuwa na kina.

Watu huuliza kwa nini nisichanganye rangi tatu tofauti mara moja. Unaweza. Lakini rangi tatu zenye nguvu sawa hupigana, na jicho linachoka kuziamua. Mimi huanza na rangi mbili za ukoo mmoja, kahawia ya chai na kahawia ya udongo kwa mfano, halafu ya tatu ije baadaye, nyeusi, kupitia kwenye nta. Na nta ndiyo iliyonifanya nielewe baridi yetu.

Mwalimu wangu alikuwa na mwanafunzi mwingine aliyeolewa Kyela. Kyela ni chini, karibu na Ziwa Nyasa, mita 500 na kitu tu, na ukishuka huko kutoka Tukuyu kwa Kosta unavua sweta kabla hujafika. Mwenzangu huyo alikuwa na mkono mzuri kuliko wangu. Tulinunua mishumaa duka moja, tukachanganya nta kwa kipimo kimoja, lakini batiki zake zilitoka na mistari michache minene, laini, kama mtu aliyechora kwa kidole, na zangu zilitoka na nyufa nyembamba kama nywele, zimesambaa kama utando wa buibui. Alinitumia kipande akiuliza ninafanyaje. Sikuwa na jibu. Mwalimu alikitazama kipande chake, akakitazama changu, akasema, "Huyu nta yake inalala kwenye joto." Nilipoanza kazi, jambo la kwanza aliloniambia lilikuwa hilohilo, ila sikulisikia kama elimu. Nilikuwa ninaweka kitambaa chenye nta karibu na jiko kikauke. Akakichukua, akakipeleka upenuni. "Mwanangu, nta inataka ilale na baridi. Ikilala ndani na sisi, haitapasuka."

Mshumaa, ile parafini nyeupe, hupasuka kwa urahisi unapokuwa wa baridi. Nta ya nyuki, kama ile inayotoka Tabora, inashika kitambaa na kupinda pamoja nacho. Mchanganyiko wa hivyo viwili ndio usukani wako. Kwa uwanja wenye nyufa nyingi mimi hutia sehemu tatu za mshumaa kwa moja ya nta ya nyuki. Kwa umbo ninalotaka libaki safi, nusu kwa nusu. Katika joto, hata mshumaa hulegea, unapinda badala ya kukatika, na mahali unapokatika ni pachache na pana. Mafundi wa miji ya joto hulijua hilo, huchovya kitambaa kwenye maji ya barafu. Sisi tuna mwezi wa sita na wa saba, tuna upenu, na tuna usiku.

Inafaa nieleze jambo hili kwa marefu yake, kwa kuwa watu wengi hudhani nyufa hutokea zenyewe na haziwezi kuongozwa. Nta iwe ya moto kiasi cha kupenya: ikigusa kitambaa, mahali pale pageuke kama karatasi iliyolowa mafuta, mwanga upite. Ikibaki nyeupe juu ya kitambaa haijaingia, na rangi itapita chini yake. Ikianza kutoa moshi imezidi, iepue mara moja. Na ikishika moto usimwage maji hata tone, funika kwa mfuniko wa sufuria. Kwa uwanja situmii brashi iliyojaa. Natumia kipande cha sponji ya godoro kilichotafunwatafunwa kwa kisu, au ufagio wa chelewa niliouchovya na kuukung'uta, ili hata kabla ya nyufa nta yenyewe iwe na matundu na manyunyu. Nta nene hupasuka kwa vipande vikubwa, mithili ya matope ya bwawa lililokauka. Nta nyembamba hupasuka kwa nywele.

Kitambaa kikishalala nje usiku mmoja, alfajiri kikiwa bado cha baridi, ndipo kinapovunjwa. Mkono unafanya maamuzi hapa. Ukikifinya sehemu moja kwa ncha za vidole, kama unayechukua chumvi, nyufa hutawanyika kutoka hapo kama miale. Ukikunja kwa mshazari, unapata mistari inayokwenda pamoja. Ukikifumbata chote ndani ya ngumi, unapata fujo, na fujo nayo ina mahali pake. Sauti yake ni ya majani makavu. Fanya mara moja tu kila mahali. Ukirudiarudia, nta inabanduka kwa magamba, na pale palipobanduka panakuwa baka jeusi. Na acha sehemu zisiguswe. Kitambaa chenye nyufa kila mahali hakina pa kupumzikia macho, kama nyumba ambayo watu wote wanasema kwa pamoja.

Kisha rangi ya giza. Maji ya Tukuyu mwezi wa saba ni ya baridi kiasi kwamba rangi nyingi husinzia ndani yake, kwa hiyo unga huyeyushwa kwa maji ya moto kidogo, na maji ya baridi huongezwa mpaka beseni liwe na uvuguvugu mdogo, pungufu ya maji ya kumwogesha mtoto mchanga. Yakizidi hapo nta inalegea na nyufa zinajifunga, na usiku mzima wa baridi umepotea. Dakika kumi, labda kumi na tano. Ukikiinua, rangi hugeukia ndani ya nyufa mwisho, baada ya sehemu nyingine, kwa kuwa hewa hufika huko polepole.

Huko Java, ambako batiki ya nta ilifikishwa kwenye kilele chake na ambayo UNESCO iliiweka kwenye orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu mwezi wa kumi mwaka 2009, mafundi wa batiki ya kifahari huona nyufa kuwa kasoro. Nta yao imetengenezwa isipasuke, na mparuzo wao unatokana na mkono: nukta, vistari na magamba madogo yaliyojazwa ndani ya kila umbo kwa chombo chembamba, kazi ya wiki na miezi. Waholanzi walipojaribu kuiga batiki hiyo kwa mashine karne ya 19, gundi waliyotumia badala ya nta ilipasuka na kuacha mishipa ya rangi. Java haikuipenda. Afrika Magharibi iliipenda mno, na kiwanda cha Vlisco cha Helmond, kilichoanzishwa mwaka 1846, bado kinaishi kwa mapenzi hayo. Kitenge unachokiona leo kwenye soko la Kiwira, chenye mishipa myembamba nyuma ya ua, ni mjukuu wa ufa ule. Kwenye vitenge vingi siku hizi mishipa hiyo imechorwa na mashine, na ukifuata kwa kidole kwa urefu wa mita moja hivi utaikuta ileile inajirudia. Mishipa ya nta iliyovunjwa kwa mkono haijirudii hata ukipima jora zima.

Si lazima mparuzo utoke kwenye nta. Kufunga kwa uzi kuna utajiri wake, na Rungwe ina kifaa ambacho sijakiona kikitumika kwingine. Kiasi cha miaka 4,000 iliyopita mlima Rungwe ulilipuka vibaya sana na kumwaga mawe mepesi yenye matundu, yale yanayoelea majini, na tabaka lake linaonekana mpaka leo mahali barabara ilipokata kilima. Chagua kokoto za mawe hayo za ukubwa wa harage hadi wa limau. Ziweke chini ya kitambaa, fungia kila moja kwa uzi wa katani, mizunguko mitano au sita. Maharage hutoa duara safi, na ni mazuri, ila yakikaa kwenye maji huvimba na kulegeza au kukata uzi. Jiwe la volkano halivimbi, halina uzito wa kuvuta kitambaa chini, na kwa kuwa uso wake ni wa matundu, kitambaa hakiligusi sawasawa. Rangi hupenya kwenye vijinafasi hivyo. Ukifungua unakuta katikati ya kila duara kuna vidoa kama vya ngozi ya chatu. Nilipowaonyesha wenzangu walicheka kwamba nimerudi utotoni kuokota mawe, kisha juma lililofuata wote walikuwa na mifuko ya kokoto.

Mwanzi nao unafaa. Viringisha kitambaa juu yake kwa mshazari, zungusha uzi, kisukume kishuke kijikunje kama mkono wa sweta, kisha kitie rangi hivyohivyo. Kinatoka na mistari kama mvua ya upepo. Wajapani wamelifanya hilo kwa ufundi mkubwa, na jina lao kwa mtindo huo lina maana ya dhoruba, kwa hiyo si mimi peke yangu niliyeona mvua.

Uji mzito wa unga wa muhogo, ambao mafundi wa Kiyoruba kule Abeokuta hupaka badala ya nta kabla ya kuchovya kwenye nili, nimeujaribu mara nyingi na nimeuacha. Unataka jua kali siku nzima ukauke na kupasuka. Kwetu unaota ukungu.

Chai inahitaji kitabu chake. Niseme tu kwamba makapi ya chai nyeusi yaliyochemshwa sana hutia kitambaa hudhurungi hafifu, na ukikilaza kitambaa hicho kikiwa bado kibichi juu ya misumari yenye kutu iliyonyunyiziwa siki, kutu na chai vikikutana hutoa kijivu cheusi chenye ukungu pembeni. Mafundi wa Mali hufanya jambo la ukoo huo kwa majani ya porini na matope yenye chuma. Mimi hulitumia chini ya nta, hafifu sana, ili uwanja usiwe mweupe hata pale ambapo hakuna rangi.

Mwaka jana ile kwaya ilirudi, safari hii kwa ajili ya kanga za msiba wa mzee wao. Walitaka kijivu na nyeusi, hawakutaka samaki wala maua. Niliwafanyia uwanja mtupu: chai na kutu chini, mabonde ya kijivu juu yake, nta ya ufagio, usiku mbili upenuni kwa sababu wa kwanza haukuwa na baridi ya kutosha, halafu nyeusi. Nta huondolewa kwa kuchemsha. Hapa kwetu juu maji huchemka kwenye nyuzi 95 hivi, na zinatosha. Nta inayeyuka mapema sana kabla ya hapo, inapanda juu, na kitambaa kinashuka chini kikiwa kizito. Nilikitoa kwa mti, nikakisuuza mara tatu, nikaacha pipa lipoe. Asubuhi nta ilikuwa imeganda juu ya maji, pana kama sinia, nikaiinua yote kwa mkupuo ili niitumie tena.

Mama aliyetumwa na kwaya alifika wakati kitambaa kiko kwenye kamba, bado kina unyevu. "Mwaghonile," nikamwamkia kwa heshima, naye akaitikia bila kunitazama, macho yako kwenye kamba. Alisogea mpaka pua ikakaribia kitambaa. Akainua mkono, akaupitisha juu yake polepole, kutoka begani mwake mpaka usawa wa kiuno, kama mtu anayetafuta mwiba. Akasimama. Akakigeuza upande wa pili na kuupitisha mkono tena, kwa vidole vyote vitano.